Tuliowahi kutazama Mamma Mia! ukumbini: watazamaji walifanyaje? Tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi
Wakuu, salaam. Juzi nilipata tiketi ya Mamma Mia! pale ukumbi wa Novello, London. Kwa wasioijua: ni igizo la jukwaani, nyimbo za ABBA, lile kundi la Sweden, zilizovuma zamani, zikatungiwa kisa. Binti anaolewa kisiwani Ugiriki, baba yake hamjui, kasoma shajara ya mama kakuta wanaume watatu, akawaalika wote kimyakimya. Ilianza London Aprili 1999 na bado inajaza watu.

Waigizaji tuwaache, tuwasimulie watazamaji. Kilichonifurahisha ni kicheko kinachotangulia wimbo. Donna, yule mama, yuko hoi chumbani, rafiki zake wawili wa kike wanamtazama, muziki wa Chiquitita ndiyo kwanza unaanza, ukumbi mzima unaangua kicheko. Wimbo wanaujua tangu utotoni, sasa wanaona ulikopachikwa! Haya, tiririkeni.

Bint wa Mvita
Mimi nilimpeleka mamangu, alikuja kututembelea kutoka Mombasa. Mama ni mtu wa taarab, mwimbaji akimkuna hakai kitako. Tulipofika pale Donna anamvisha bintiye nguo ya harusi huku anaimba jinsi mtoto alivyomkulia mikononi, mama akafungua mkoba, akatoa noti ya pauni tano, anainuka aende kutuza. Nasi tuko ghorofa ya juu kabisa! Nikamshika: "Mama, huku hawatuzi." Akaniuliza, "Sasa atajuaje kama kaimba?" Bibi wa Kizungu kiti cha pili naye alikuwa analia, akampa mama kitambaa cha karatasi. Akajifuta machozi, noti akabaki nayo mkononi mpaka tunatoka.

Mume wa Mtu
Nilikokotwa na mke wangu, nimenuna toka kwenye treni. Wale vijana walipoingia wanacheza na mapezi ya kuogelea miguuni, pata-pata-pata, kicheko kikanitoka puani. Nikajikaza. Lakini mwisho hauna pa kujificha: waigizaji wakishainama kuaga wanarudi na mavazi ya kumetameta, wanapiga Mamma Mia, Dancing Queen na Waterloo mfululizo, watu wote wima. Ukibaki umekaa unaona migongo tu. Mke wangu anatangaza kila harusi kwamba nilicheza. Nilikuwa natafuta upenyo wa kuona.

Sina Raha
Mimi pesa yangu ilipotea. Nyuma yangu walikaa kina dada waliokuja kumuaga mwenzao anayeolewa, mvinyo kwenye vikombe vya plastiki, wanaimba kila wimbo kumzidi aliyeko jukwaani. Mhudumu akaja kuwamulika tochi. Wakanyamaza, kageuka tu, wakaanza tena. Jamani, kuimba kuna wakati wake, ni pale mwishoni tunapoinuliwa wote. Hata kisa chenyewe kimeungwaungwa, mtu anakatiza maongezi ili wimbo upate pa kuingilia.

Bint wa Mvita
Mkuu, ungekaa karibu na mamangu ungehama nchi.

Mzee wa Bronx
Nyie mmeikuta watu wana furaha zao. Mimi niliiona New York mwaka ilipofunguliwa. Ilizinduliwa ukumbi wa Winter Garden, Broadway, tarehe 18 Oktoba 2001, mwezi na kitu tu baada ya minara pacha kushambuliwa na kuanguka. Mji ulikuwa bado una harufu ya moshi, watu wanaogopa hata kushuka kwenye treni za chini ya ardhi. Kabla taa hazijazimwa, ukumbi ulikuwa kama msibani. Muziki wa kufungulia ukapigwa kwa kishindo, baadhi yetu tukashtuka vitini. Kisha mzee mmoja mbele yetu akaanza kupiga makofi peke yake kufuata mdundo, tukamfuata. Mwisho, taa zimeshawashwa, bendi imemaliza, safu nzima nzima zilikuwa zimesimama zinaimba Waterloo bila ala. Hakuna aliyetaka kurudi nje. Ilikaa Broadway mpaka Septemba 2015, na 2025 ikarejea Winter Garden palepale. Vijana wangu wamekwenda, mimi ile moja ilinitosha.

Mwanzisha uzi
Asante sana mzee. Na walioona filamu ya 2008 sinema, watu walisimama?

Jirani wa Nairobi
Kusimama hapana. Ila Pierce Brosnan alipofungua kinywa kuimba, sisi wote tuliangua kicheko. Na haikuwa sehemu ya kuchekesha.