Mjadala: Wakimbiaji wafupi NFL wanaonewa, au ni mahaba yetu mashabiki?

Mtoa mada

Wakuu, salaam. Najua wengi humu ni wa Simba na Yanga, ila sisi tulioko Kansas City, Marekani, mpira wa kofia ngumu (futiboli ya Kimarekani, ligi yake kuu ndiyo NFL) umeshatuingia damuni, hatuna ujanja. Kwa asiyeufahamu: mkimbiaji ni yule anayekabidhiwa mpira na kwotabeki (anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira), anatafuta upenyo kwenye ukuta wa watu wa kilo 140, anatoboa. Kila akigusa mpira anajua kuna mtu anakuja kumvunja.

Mada yangu ni mkimbiaji Deuce Vaughn. Futi 5 na inchi 5, kilo 81. Ni sentimita 165 hizo, kwenye daladala ya saa 12 jioni humwoni huyo. Pale chuo cha Kansas State kwa misimu 3 alikimbia na mpira zaidi ya yadi 3,600 (yadi moja ni karibu mita), akaitwa kwenye kikosi bora cha vyuo vya Marekani nzima 2021 na 2022. Desemba 2022 wakawachapa chuo cha TCU 31–28 dakika za nyongeza, TCU ambao hawakuwa wamepoteza mchezo hata mmoja, wakabeba ubingwa wa Big 12, ligi yao ya vyuo. Tena kwenye uwanja wa timu ya NFL, Dallas Cowboys wenyewe, Arlington. Mwisho wa mwezi huo chuo cha Alabama waliwafunga 45–20, sibishi, lakini humo humo mtoto alichomoka yadi 88 mpaka mwisho wa uwanja.

Aprili 2023 mgao wa wachezaji wa vyuo, ambapo timu za NFL huchagua kwa zamu raundi 7, ukafanyika hapa hapa Kansas City. Siku ya tatu, Jumamosi, nilikuwa kwa kinyozi wetu, Mkongo wa Bukavu, nimenyolewa upande mmoja. Raundi ya nne ikapita. Ya tano nayo. Jamaa akazima mashine, akasema, "Bakimuacha huyu mutoto, leo sinyoi tena mutu." Nikabaki na nusu kichwa. Raundi ya sita, wa 212, Dallas wakamwita. Na aliyempigia simu ni baba yake mzazi, Chris Vaughn, skauti (msaka vipaji) wa Dallas, akamuuliza kama angependa waende wote kazini. Video ipo, mzee sauti inamkwama. Kinyozi alifuta macho kwa taulo langu, akarudi kazini mkono unamtetemeka, nikatoka na chale juu ya sikio.

Sasa hoja. Misimu 2 pale Dallas hakukimbia na mpira hata mara 50. 2025 wakamwacha. Mimi nasema kaonewa kwa sababu ya kimo. Chuo hicho hicho cha Kansas State kilimtoa Darren Sproles, futi 5 na inchi 6, akachukuliwa raundi ya nne mwaka 2005, na 2011 akiwa na New Orleans Saints akakusanya yadi 2,696 za kila aina (kukimbia, kudaka, kurudisha mipira), akaweka rekodi ya ligi. Ushahidi wanao, hawataki tu kuutazama. Karibuni, matusi hapana.

Binti wa Tanga

Sijui sheria hata moja ya huo mchezo, ila Kanté ana sentimita 168 na Kombe la Dunia 2018 analo. Kimo kitu gani?

Mzee wa Yadi

Dada, Kanté akikumbwa na mtu mara mbili yake refa anapuliza filimbi. Huku uwanja mzima unasimama kushangilia.

Mtoa mada, hoja yako ina tundu. Unachanganya ufupi na udogo. Barry Sanders alikuwa futi 5 na inchi 8 lakini kilo 92, mapaja kama mabuyu, na Detroit walimchukua wa 3 katika mgao wa 1989. Nani alimwonea? 1997 akakimbia yadi 2,053. Njoo kwa Maurice Jones-Drew, futi 5 na inchi 7, kilo kama 95. Alivaa jezi namba 32 kuwakumbusha kwamba timu zote 32 zilimruka raundi ya kwanza 2006. Mwaka 2011 akaongoza ligi nzima, yadi 1,606. Mfupi, ndiyo, lakini mfupi kama kinu. Kinu ukikipiga teke unaumia wewe. Vaughn wako ni mchi.

Mtoa mada

Mzee, hapo umenigusa pabaya, ila Sproles naye alikuwa kilo 86 tu. Kinu gani hicho?

Mzee wa Yadi

Kilo 5 kwa mtu wa futi 5 na nusu si mchezo. Na Sproles alikuwa na mbio za kuwasha moto. Tuseme ukweli, wa aina yake hawapatikani kila mwaka, ndiyo maana tangu 2005 bado unamtaja yeye yule yule.

Nilicheza Ohio

Niingie kidogo, mimi nafasi hiyo nimecheza sekondari Columbus nikiwa na futi 5 na inchi 7. Kukimbia, ufupi ni mali. Unajificha nyuma ya makalio ya wale wakubwa, lainibeka, mlinzi anayesimama nyuma ya ukuta wao, ananyoosha shingo kulia kushoto, anakuja kukuona umeshafika magotini kwake. Hakuna kocha anayekukataa kwa hilo.

Kinachokuangusha ni pale ambapo mpira si wako. Kwotabeki anataka kurusha, walinzi wanamvamia, na wewe ndiye askari wa mwisho. Watu wanadhani shida ni kimo. Hapana, aliye chini ndiye mwenye nguvu, ukiingiza bega chini ya kifua chake unamnyanyua. Shida ni mikono. Mrefu anakushika kabla hujamfikia, anakusukuma pembeni kama pazia. Mimi nilifanyiwa hivyo mara tatu katika mchezo mmoja, mara ya tatu kwotabeki wetu akatoka na bega lililoteguka. Wiki iliyofuata nilikuwa nagawa maji.

Mtoa mada

Asante kwa ushuhuda, pole na maji. Lakini Novemba 2007 Jones-Drew huyo huyo alimsubiri Shawne Merriman wa San Diego, mtu wa karibu kilo 120 anayekuja kasi zote kumla kwotabeki, akampiga bega moja, Merriman akaenda chini chali. Itafuteni muione. Kwa hiyo inawezekana.

Mzee wa Yadi

Unanisaidia mimi. Kinu.

Hesabu Tu

Wote mnazungumzia mwili, hakuna anayezungumzia sheria. Sproles hakuingia NFL kupitia mlango wa mkimbiaji, aliingia kwa kurudisha mipira. Ile mipira ya kuanzisha mchezo, anaidaka kule nyuma anarudi nayo mbio. San Diego walimweka huko kwanza, kocha akazoea kumwona na mpira mkononi, na Januari 2009 kwenye mtoano dhidi ya Indianapolis akapata yadi 328 za kila aina na kuumaliza mchezo dakika za nyongeza, 23–17. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya wadogo.

2011 ligi ikasogeza mstari wa kuanzishia kutoka yadi ya 30 hadi ya 35, mipira mingi ikawa inapita moja kwa moja nyuma. 2023 wakaongeza kwamba ukiudaka kwa ishara ya kutokimbia unapewa yadi ya 25 bure. Nani atakimbia? 2024 ndipo wakageuza mfumo mzima ili watu warudishe tena. Vaughn kafika mwaka ambao mlango umefungwa kwa kufuli.

Mzee wa Yadi

Hoja nzito, lakini huo mlango pale Dallas ulikuwa na mtu. KaVontae Turpin, futi 5 na inchi 9, kilo 70 hivi! Mwepesi kuliko Vaughn. Alitoka USFL, ligi ndogo kuliko NFL, mwaka 2022, Dallas wakampa kazi ya kurudisha na anaifanya vizuri mno. Timu inayoonea wadogo ingemchukua huyo?

Mtoa mada

Ngoja, hili la Turpin limenifungua macho. Sikuwa nimelifikiria, na nakubali: Dallas hawachukii wadogo. Nafuta neno kuonewa kwa kimo.

Ila siondoki patupu. Tazameni Phillip Lindsay. Futi 5 na inchi 8, 2018 hakuna timu iliyomwita raundi zote 7. Denver wakamchukua bila mgao, akakimbia yadi 1,037, mchezaji wa kwanza wa ushambuliaji asiyepitia mgao kwenda Pro Bowl, mchezo wa nyota wa ligi, katika msimu wake wa kwanza. Mwaka wa pili tena zaidi ya 1,000. Wakamshukuruje? 2020 wakamsajili Melvin Gordon, mtu wa raundi ya kwanza, mrefu, akachukua kazi. Hapo ndipo ninapotaka kufika. Wa raundi ya kwanza akikimbia yadi 2 wanasema ukuta ulimwangusha. Wa raundi ya sita akikimbia yadi 2 wanasema mnaona sasa, mdogo. Wa raundi ya kwanza anakosea mara 300 akiwa anajifunza, wa raundi ya sita anahesabiwa kuanzia kosa la kwanza. Na kinachowapeleka raundi ya sita ni ile futi kamba ya Indianapolis, kule wanakopimwa miili kabla ya mgao. Kwa hiyo kimo hakimwonei uwanjani, kinamwonea kwenye karatasi, kisha karatasi ndiyo inayomwonea uwanjani.

Nilicheza Ohio

Hili nakuunga mkono. Yule aliyenipokea namba alikosa kuzuia wiki ile ile, kwotabeki wa akiba akala vumbi. Alikuwa na futi 6. Maji niligawa mimi mpaka mwisho wa msimu.

Mzee wa Yadi

Karatasi nayo si ya uongo yote. Timu ina nafasi 53, pesa zimewekwa kwa Gordon, utamweka benchi? Hiyo ni biashara. Sikatai inauma.

Binti wa Tanga

Nimesoma yote, sijaelewa yadi hata moja. Chale ya juu ya sikio ilipona?

Mtoa mada

Ilipona dada, ila nywele pale hazijaota sawasawa. Jezi namba 42 ya Dallas bado ipo ukutani kwa kinyozi, juu ya kioo. Mwezi uliopita kuna mteja alimwambia aishushe, kijana si ameachwa. Akaambiwa akatafute kinyozi mwingine.