Kimondo kiliua dinosaria, mbona mamba alipona?

Mwalimu wa Kongwa:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha baiolojia huku Kongwa. Leo nimewaeleza kidato cha tatu kwamba miaka milioni 66 iliyopita kimondo cha kilomita 10 hivi kilipiga Yucatán, Meksiko, kikachimba shimo la upana wa kilomita 180, na kama robo tatu ya spishi zikatoweka. Binti anayekaa nyuma kabisa akanyoosha mkono: "Mwalimu, mamba alipona vipi? Na ndege?" Nimemwomba anisubiri hadi kesho. Halafu darasa zima linaamini dinosaria wa Tendaguru, wale ambao mifupa yao ilichimbwa kule Lindi, walikufa siku hiyo.

Mkulima Chamwino:
Tendaguru ni rahisi, mkuu. Wale ni wa miaka milioni 150 hivi. Kimondo kinafika, wao wameshakuwa mawe zamani.

Mamba sasa. Kishindo kiliua walio karibu. Waliobaki wakamalizwa na njaa. Vumbi, masizi na salfa vilifunika jua, baridi ikaingia, majani yakagoma kuota. Akafa mla majani, akafuata anayemla. Mimi hili nimeliona zizini. Mwaka mvua ilipotukimbia, ng'ombe walitangulia, mbuzi wakavumilia kidogo, kuku wakabaki wanachakura punje za uwele chini ya ghala. Mamba anakaa miezi bila kula, na mtoni majani yaliyooza yanaendelea kulisha wadudu na samaki. Ndege waliopona, wataalamu wengi wanadhani walikuwa wala mbegu, kwa sababu mbegu hukaa udongoni hata jua lisipowaka. Mwambie binti kuku wa kwao ni ukoo wa dinosaria.

Mpasua Miamba:
Ongeza ushahidi, mwalimu. Mwaka 1980 mwanafizikia Luis Alvarez, mwanawe Walter ambaye ni mwanajiolojia, na wenzao walieleza tabaka jembamba la udongo la wakati huo huo, huko Gubbio, Italia, lenye iridiamu nyingi mno. Madini hayo ni adimu juu ya ardhi yetu, ila kwenye vimondo yamo kwa wingi. Na tafadhali wasitoke wakiamini kila maangamizi yaliletwa na kimondo. Yale ya miaka milioni 252 iliyopita yalikuwa makubwa zaidi, na lawama kubwa ni ya volkano za Siberia.

Mwalimu wa Kongwa:
Asanteni sana. Nimeingia darasani na kopo la uwele, nikampa yule binti alishike. Akauliza giza lilidumu muda gani. Nikamjibu, kwa makadirio, miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka. Akatazama zile punje, akasema ghala la kwao halifiki hata Januari.