Semina ya walimu wa kwaya: kukutana kunaleta nini ambacho simu haileti?

katibu_umoja

Tumsifu Yesu Kristo. Na ndugu wa madhehebu mengine, Bwana Yesu asifiwe.

Umoja wetu una kwaya za parokia nane, walimu kama 40 na wapiga kinanda 10 hivi. Tunapanga semina ya Ijumaa jioni na Jumamosi nzima. Mwenyekiti ameuliza swali ambalo bado sijamjibu akaridhika: nota zipo kwenye simu, nyimbo zipo YouTube, walimu wana kundi la WhatsApp, kwa nini fedha hizo tusinunue spika? Wenye uzoefu nisaidieni. Na ratiba ikaeje ili siku isiishie kwenye risala, mgeni rasmi kuchelewa, kila kwaya kuimba wimbo mmoja, kisha pilau?

---

solfa_na_nukta

Milele amina, katibu. Kama semina ni risala na pilau, mwenyekiti yuko sahihi, nunueni spika. Faida inaanzia pale walimu wanaposoma wimbo mmoja, kwenye karatasi moja, kwa sauti nne, na yupo wa kuwasahihisha.

Chukua nota za solfa, zile za herufi d, r, m, f, s, l, t. Nukta mbili hutenganisha mapigo. Nukta moja huligawa pigo nusu kwa nusu. Nukta ikifuatwa na koma, noti ya kwanza inachukua robo tatu ya pigo na ya pili robo moja. Sasa karatasi hiyo inatolewa kopi ya kopi, inapigwa picha kwa simu, inatumwa WhatsApp na kubanwa ubora. Koma imepotea. Parokia A inaimba "ndefu-fupi", parokia B inaimba nusu kwa nusu, na kila mwalimu anaapa anafuata nota. Tofauti hiyo haitaonekana hadi siku ya kipaimara au jubilei kwaya zinapounganishwa, na hapo watu huanza kulaumiana kwamba fulani hajui kuhesabu. Kijialama cha oktava kando ya herufi nacho hupotea hivyo hivyo: besi wanaimba s ya juu wakati mtunzi aliandika ya chini, sauti inagongana na ya tatu (tena).

Baya zaidi ni noti ya daraja pale wimbo unapohama ufunguo. Tuseme Doh (ile d) ni G ya kinanda na wimbo unahamia Doh ni D. Ile s ya zamani ndiyo d mpya, kwa hiyo mtunzi huandika s ndogo kando ya d. Ikifutika hiyo s ndogo, mwalimu anasoma d na kurudi kwenye G, na ukurasa mzima uliobaki unaimbwa mahali pasipo pake. Kwenye YouTube utasikia toleo la kwaya moja, ambalo huenda nalo lilirekodiwa kutoka karatasi mbovu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya semina ni usomaji. Chagueni nyimbo sita tu. Watu hupenda kuleta 20 ili kila mtunzi aridhike, na mwisho hakuna hata mmoja uliosomwa vizuri. Wagawe walimu kwa sauti, mfano 12 sauti ya kwanza, 10 ya pili, 8 ya tatu, 10 besi. Kila wimbo upewe dakika 35: tano za kuusoma kimya kwa macho, kumi kwa jumla za sauti moja moja kwa solfa, kumi za sauti zote kwa solfa, tano kwa maneno, tano za mwisho kila mmoja anaandika marekebisho kwa kalamu kwenye nakala yake. Jumla ni saa tatu na nusu, zigawe na chai katikati. Msiruke kwenye maneno mapema. Mwimbaji akiwa na maneno anakisia, akiwa na solfa kosa linajitokeza.

Karatasi: wimbo wa kurasa mbili ukichapwa pande zote ni karatasi moja, watu 50 kwa nyimbo sita ni karatasi 300. Rimu moja inatosha na kubaki. Chapa kutoka faili ya mtunzi mwenyewe, usichape picha ya WhatsApp.

Mtunzi awepo chumbani. Hili ndilo simu haiwezi kabisa. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: tumshuKUru, utuKUfu, aNAye. Pigo zito likiangukia silabi ya mwisho, neno linapinda. Mtunzi hajisikii anapoimba peke yake, kwa sababu yeye analijua neno lake. Walimu 40 wakiimba kwa mara ya kwanza ndipo inasikika. Angalia pia m na n zinazosimama zenyewe: "mtu" na "nchi" zina silabi mbili, na mkazo uko juu ya m na n. Wasipopewa noti yao, waimbaji wanazimeza. Ubeti wa kwanza kwa kawaida umekaa vizuri kwa kuwa muziki ulitungwa juu yake. Matatizo yako ubeti wa tatu na wa nne, ambako silabi zimezidi na hakuna aliyeandika zigawanywe vipi. Imbeni beti zote.

---

kinanda_na_mixer

Naongezea upande wa vyombo, maana semina nyingi huwasahau wapiga kinanda, wanakaa nyuma wanasubiri kuitwa.

Watoeni wale 10 kwa saa mbili, chumba chao. Kwanza, kitufe cha transpose, kile kinachohamisha ufunguo. Wengi hupiga kila kitu kwenye C au F na kusogeza kwa kitufe. Tatizo si kukitumia, tatizo ni kukisahau kwenye +2 wimbo unaofuata ukaanza toni nzima juu, sauti ya kwanza wakapasuka kwenye kiitikio. Kabla ya Misa kila mpiga kinanda abonyeze A ya juu ya C ya katikati na kuilinganisha na programu ya kupima sauti kwenye simu, isome 440. Zoezi la dakika moja. Pili, wafundishwe kuingiza wimbo kwa mstari mmoja tu na kusimama kwenye noti ya kuanzia. Utangulizi mrefu wenye mbwembwe unawaacha waimbaji hawajui waingie wapi. Tatu, kwa Wakatoliki: Kwaresima kinanda ni cha kusindikiza uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya Laetare (ya nne ya Kwaresima), sherehe na sikukuu. Solo za kinanda wakati wa Kwaresima ni kosa linalojirudia kila mwaka, na ni rahisi kulimaliza mkiwa wote chumba kimoja na paroko yupo.

Kuhusu spika za mwenyekiti: kanisani mlio wa ghafla hautokani na spika ndogo, mara nyingi unatokana na maikrofoni nyingi. Kila mnapozidisha mara mbili idadi ya maikrofoni zilizo wazi, mnapoteza desibeli 3 za nafasi kabla mlio haujaanza. Kwaya yenye maikrofoni nane mstari wa mbele imepoteza desibeli 9 ukilinganisha na moja. Mbili za kondensa zikiwekwa juu na mbele ya kwaya zinatosha kwa watu 30. Mkumbuke kuwasha volti 48 kwenye mixer, bila hizo kondensa haitoi kitu. Na umbali kati ya maikrofoni mbili uwe angalau mara tatu ya umbali wa kila moja kutoka kwa waimbaji: mita moja kwa waimbaji, mita tatu kati yao. Zikikaribiana zinafutana, sauti inakuwa nyembamba. Onesheni hili kwa vitendo Ijumaa jioni, kwenye kanisa lenyewe na mitambo ileile wanayoitumia. Huenda mwenyekiti akaona spika mpya hazihitajiki.

---

mtunzi_nairobi

Shalom wapendwa. Wenzangu wamegusa muziki, mimi naongeza jambo ambalo huku hutuletea ugomvi kanisani: haki na rekodi. Kila mtu akiwa kwake hakuna makubaliano, kuna minong'ono.

Kuimba wimbo ibadani na kuurekodi ni mambo mawili tofauti. Mwimbo ni wa mtunzi tangu anapouandika. Usajili kwenye ofisi za hakimiliki, KECOBO hapa Kenya au COSOTA kwenu Tanzania, hauzalishi haki, unasaidia ushahidi siku ya mzozo. Kwa Kenya na Tanzania Bara haki ya kiuchumi hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo "mzee alishafariki" haimaanishi wimbo ni wa kila mtu. Kubadilisha maneno juu ya tuni ya mtu, au kuongeza sauti ya nne, kunahitaji ruhusa pia.

Tengenezeni fomu ya ukurasa mmoja na muitumie papo hapo watunzi wakiwepo: jina la wimbo, mtunzi wa muziki, mtunzi wa maneno, aliyepanga sauti, kwaya inayoruhusiwa kurekodi, sauti tu au na video, muda wa ruhusa, na mgao wa mapato ambao lazima ujumlishwe kuwa asilimia 100. Sahihi mbili, nakala mbili. Mgao unajadiliwa kabla ya studio. Baada ya wimbo kupendwa hakuna anayekubali 10.

Studio mpeane habari waziwazi: bei kwa wimbo, nani anabaki na faili za kila chombo, na kama biti (muziki wa vyombo) ni mpya au ni ile waliyoiuzia kwaya nyingine. Hilo la biti lina madhara YouTube. Kwaya ya kwanza ikisajili rekodi yake kwenye Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua rekodi, kupitia msambazaji, video yenu yenye biti hiyohiyo inaweza kudaiwa, na matangazo yakawalipa wao. Ulizeni pia ISRC, namba yenye herufi na tarakimu 12 inayotambulisha rekodi husika. Kila rekodi ina yake. Msikubali nyimbo kumi zikapewa moja.

---

besi_mkongwe

Mimi sina hakika na siku mbili. Kwa uzito wa mambo haya Jumamosi moja saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni inatosha, na Ijumaa ibaki ya mitambo kwa wanaohusika tu. Walimu wengi hutoka kazini, Ijumaa watafika saa 2 usiku wamechoka, sauti hazipo.

Fedha iende kwenye nauli za parokia za mbali na karatasi. Mkianza kulipa posho, mwakani watakuja waliotumwa na posho, na anayefundisha kwaya atabaki nyumbani. Na kila parokia itume mwalimu pamoja na mpiga kinanda wake. Mwalimu akija peke yake, Jumapili atabishana na kinanda.

---

katibu_umoja

Nashukuru sana, walimu wangu. La mitambo nitaanza nalo kwa mwenyekiti. Maswali mawili: mwezi gani unafaa? Na baada ya semina tunajuaje imefanya kazi?

---

solfa_na_nukta

Mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba. Majilio, majuma ya kujiandaa kwa Noeli, huanza kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, kwa hiyo kwaya inapata majuma 11 hadi 13 ya mazoezi. Katika zile sita, wekeni mbili za Majilio, mbili za Noeli, moja ya komunyo ya mwaka mzima na moja ya shukrani. Utukufu mpya (wimbo wa "Utukufu kwa Mungu juu") msiuweke kwa ajili ya Majilio, hauimbwi Dominika hizo. Ukiwemo, uwe wa Noeli.

Kupima: zile nyimbo nne zisizo za Majilio ziimbwe na kwaya zote nane kwenye Misa moja ya pamoja mwanzoni mwa Januari, kipindi cha Noeli hakijaisha, bila zoezi la pamoja zaidi ya saa moja kabla. Kwaya zikiingia pamoja na kuishia kwenye ufunguo zilikoanzia, imefanya kazi. Sauti ikishuka nusu toni, chunguzeni m na t kwanza, ndizo walimu huziacha chini bila kujua, hasa mstari unaposhuka polepole. Na yule atakayesema "sisi tulifundishwa hivi", mwambie alete nakala yake aliyoiandikia kwa kalamu Agosti.