Wapenzi wa hadithi fupi za huzuni na muziki wa kila aina, tupeane uzoefu

Mleta mada, Dodoma
Wakuu, habari za muda huu. Mimi ni mwanachuo mwaka wa pili. Hadithi fupi zenye huzuni nazipenda mno, na muziki nasikiliza wowote: taarab ya zamani, rumba, morna ya Cape Verde, hata singeli. Wenzangu hosteli wananiuliza nina tatizo gani. Sina tatizo, nafurahia.

Iliyoniteka ni ya Anton Chekhov, yule daktari wa Kirusi, ya mwaka 1886. Iona ni dereva wa kigari cha farasi, usiku, theluji inaanguka, na mwanawe amefariki wiki hiyo hiyo. Iona anajaribu kumsimulia kila abiria msiba wake. Mmoja anafumba macho, vijana watatu wanamtukana. Mwisho anaingia zizini kumweleza farasi wake, naye farasi anasikiliza huku anatafuna majani. Kurasa chache tu! Tangu hapo natafuta nyimbo zenye kisa cha namna hiyo. Nyie mlianzaje?

Mdau, Unguja
Mkuu, mbona unazo karibu. Msikilize Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyeanza kwa kutembeza vyungu akiuza, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Wimbo wake wa Kijiti ni hadithi fupi kamili: mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam anauawa Unguja, muuaji anavuka bahari. Hakuna ubeti wa kupamba. Kila mmoja unasogeza kisa mbele. Kwetu ulikuwa ukiimbwa wakubwa wananyamaza, na mimi mdogo nilielewa kabla sijajua maana ya maneno yote.

Mdau, Nairobi
Huku kwetu hadithi fupi ni fasihi teule ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kwa hivyo wengi tunazisoma tukiwinda alama. Nilipomaliza shule nikairudia diwani ile ile bila swali la “fafanua maudhui” kichwani, nikalia. Soma tena ulizosomeshwa, ndugu yangu.

Mwalimu, Morogoro
Kijana, usiwajali hao wa hosteli. Mimi nimelelewa na gitaa la Mbaraka Mwinshehe, aliyetutoka Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Kenya. Halafu yupo Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo: gitaa linakuinua kitini, maneno yanazungumzia kifo na umaskini. Ukiweza kucheza na kusikitika kwa pamoja umemwelewa Remmy. Wanangu darasani nawapa wimbo kwanza, hadithi baadaye. Hawasinzii.

Mdau, Unguja
Mleta mada, unasoma huku muziki unapiga?

Mleta mada, Dodoma
Shikamoo mwalimu, nimekupata. Mdau, nikisoma naweka ala tupu, qanuni au udi, maana maneno ya wimbo yanagombana na ya kitabu. Wimbo wenye kisa naupa muda wake. Ila Cesária Évora, mwimbaji wa morna, naweza kumsikiliza hata nikiwa nasoma. Kikrioli chake sikielewi, lakini ile sauti inanifikia. Morna iliingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2019, na ilistahili.

Kijiti nautafuta leo hii. Wa Lubumbashi na Bujumbura mbona kimya? Leteni zenu, na mseme kisa chake kinahusu nini.