Naomba ushauri: mashine ya kushonea soli, ya umeme au ya mkono?

Ndugu zangu, hamjambo. Mimi ni fundi viatu, Kariokor, Nairobi. Soli nashona kwa mkono, jozi 5 kwa siku nikijikaza, na vidole vimeota sugu kama gamba la kobe. Tuko watano kibandani, tunataka kuchanga tununue mashine ya mtumba. Tuliyoonyeshwa inataka umeme wa fezi tatu, ule mkubwa wa viwandani; wetu ni wa fezi moja, wa kawaida, tena wa kukatikakatika. Kuna ya kuzungusha kwa mkono, bei nafuu, lakini je, inapenya ngozi ya ng'ombe pamoja na soli ya tairi? Vipuri mnapata wapi? Mzee wetu anacheka tu: eti uzi wa mashine ukikatika mahali pamoja tu, mshono wote unafumuka. Ni kweli, au anaogopa tu mashine?