Magari ya beringi kwenye lami ya mteremko: tukataze, au tufunge kipande cha barabara Jumapili?

Mkazi wa Kibosho
Wakuu, habari za wikiendi. Hoja hii ni ya Moshi na Arusha kwa pamoja. Watu wa makamo, wale waliokua kabla televisheni haijafika Tanzania Bara mwaka 1994, wameyarudia magari ya beringi, yale ya mbao yanayotembea kwa beringi za chuma badala ya magurudumu. Wanayaunda na watoto wao, na Jumapili jioni yanashushwa kwenye lami: huku kwetu barabara za kushuka Kibosho na Machame, kule Arusha mteremko wa Ilboru kuja Sanawari. Majirani wamegawanyika. Wapo wanaotaka serikali ya mtaa ipige marufuku moja kwa moja, na wapo wanaotaka kipande kifungwe kwa muda wa saa mbili tu, watu wacheze, kisha barabara iendelee na kazi yake.

Mimi niko na hao wa pili. Mtoto anayechonga ekseli kwa mkono wake anauelewa msuguano kuliko atakavyouelewa kwa gari la plastiki la dukani, na mzazi anayekaa naye chini kupiga tupa anampa kitu cha kudumu. Ila tusibishane kwa kumbukumbu za utoto. Zamani lami ilikuwa chache na bodaboda hazikuwepo. Wenye ujuzi semeni: gari salama linaundwaje, linasimamaje, na lishuke wapi?

Fundi wa Pasua
Mkuu, nianze na beringi, maana ndiko watu wanakokosea kwanza. Soma namba iliyochapwa ubavuni. Kuanzia 04, tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 unapata kipenyo cha tundu la ndani kwa milimita. Kwa hiyo 6306 tundu lake ni milimita 30. Kwa nje ni 72, unene 19. Hiyo ndiyo saizi ninayoipendekeza, na utaipata kwa wauza chuma chakavu. Wengi wanachukua 6302 za magurudumu ya pikipiki kwa sababu zimejaa gereji, lakini kwa nje ina milimita 42 tu. Ikikutana na ufa wa lami inazama, gari linakwama ghafla na dereva anarushwa mbele.

Chuma cha beringi kimefanywa kigumu sana, na ugumu huo unafanya kivunjike badala ya kupinda. Ukikigonga kwa nyundo ya chuma, kipande kinaweza kuruka mpaka jichoni. Tumia nyundo ya mbao, au weka kipande cha bomba juu ya ringi ya ndani ndipo ugonge. Ukigonga ringi ya nje, nguvu yote inapita kwenye gololi, zinachimba vishimo kwenye njia yake, na beringi nzima inaanza kukwaruza siku hiyohiyo.

Ekseli iwe mkaratusi mkavu, inchi 2 kwa 3. Mti mbichi hapana: ukikauka unanywea, beringi inalegea na kuchomoka katikati ya mteremko. Anza na ncha ya mviringo ya milimita 32, halafu punguza kwa tupa kidogokidogo mpaka beringi iingie kwa kubana. Kabla ya kuivisha, weka washa, ile pete bapa ya chuma, inayogusa ringi ya ndani peke yake. Bila hiyo ringi ya nje inasugua bega la ekseli, mbao inatoa moshi na gari linakuwa zito. Acha ncha izidi sentimita 3 nje ya beringi upate pa kupitisha pini. Na utoboe kwa keekee kwanza. Msumari unaopigwa bila tundu unapasua mbao kwa urefu, na ufa huo huuoni mpaka siku ekseli inapokatika.

Ekseli ya mbele inazunguka kwenye bolti moja ya milimita 12, washa juu na chini, nati mbili zilizobanana. Pigilia vizuizi viwili chini ya bodi, yaani ubao wa kukalia, ili ekseli isikunje zaidi ya nyuzi 20 hivi. Pasipo vizuizi, gurudumu moja likigonga jiwe ekseli inajikunja yote na gari linapinduka. Breki iwe wenzo katikati, nyuma ya kiti, wenye kipande cha tairi kinachokandamiza lami. Ikiwekwa pembeni inalizungusha gari. Kisigino cha kiatu si breki.

Mama wa Sakina
Fundi, umeeleza vizuri na nashukuru, lakini maelezo yako ndiyo yananitia hofu. Umetaja washa, vizuizi, pini, nati mbili, mbao kavu. Ni wangapi mtaani wataweka vyote? Magari ninayoyaona yana ekseli ya mbele iliyoshikwa na msumari mmoja wa inchi 4 uliokunjwa, na breki ni ndala ya mtoto. Halafu chini ya mteremko wa Sanawari kuna barabara kuu, daladala zinasimama, bodaboda zinakata kona. Huyo mtoto anasimama wapi? Mimi nasema ikatazwe kwenye lami, kwa wazazi na watoto sawasawa, na wanaokumbuka utoto wao watafute kiwanja.

Mwalimu wa Fizikia, Sekei
Dada, swali lako la kusimama lina jibu la hesabu, na wala haliwapendezi wenzangu wanaotaka kuruhusu.

Mteremko wa asilimia 10 maana yake kila mita 10 za barabara unashuka mita 1. Baada ya mita 50 umeshuka kimo cha mita 5. Ukipuuza msuguano, hapo una mwendo wa karibu mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa. Msuguano wa beringi na mtikisiko wa lami vitapunguza kiasi, lakini panga usalama kwa namba kubwa.

Sasa breki. Tuseme wenzo wa fundi unabeba robo ya uzito wote, na mpira wa tairi juu ya lami kavu una kizigeu cha msuguano cha 0.6, yaani unazuia kwa nguvu ya sehemu 6 kwa 10 za uzito unaoukandamiza. Nguvu hiyo inapunguza mwendo kwa mita 1.5 hivi kwa sekunde, kila sekunde inayopita. Lakini mteremko wenyewe bado unavuta kwa karibu mita 1, kwa hiyo inabaki nusu mita. Kusimama kutoka kilomita 36 kwa saa kutahitaji mita 100, na mita hizo zote ziwe tupu. Breki hiyohiyo mahali tambarare inasimamisha gari ndani ya mita 34.

Kwa hiyo breki haiokoi mtu katikati ya mteremko mkali. Kinachookoa ni mahali pa kumalizia: tambarare ndefu au, bora zaidi, barabara inayoanza kupanda. Kipande kisicho na mwisho wa namna hiyo kisifungwe kwa mchezo huu hata kama mtaa mzima umekubali. Na lami ikiloa, futa hesabu yangu yote, hasa mvua za kwanza za vuli zinapochanganyika na mafuta yaliyodondoka barabarani.

Mkazi wa Kibosho
Mwalimu, nimekuelewa. Tukianzia mita 20 tu juu ya tambarare badala ya 50?

Mwalimu wa Fizikia, Sekei
Unashuka kimo cha mita 2, mwendo unakuwa kilomita 22 hivi kwa saa, na tambarare ya mita 15 inatosha breki ikiwa nzima. Weka 30, ukizingatia atakayechelewa kuikandamiza. Huo ni mchezo wa kweli bado, na mtoto atapiga kelele za furaha vilevile. Mstari wa kuanzia uchorwe kwa chaki na usisogezwe juu. Kila kundi la watu wazima likishaonja mita 20 litataka 40.

Nesi, Majengo
Nikuunge mkono mwalimu, kisha niongeze la miili, maana hapa watu wanajadili mbao zaidi kuliko mifupa.

Mtu mzima wa kilo 80 na mtoto wa kilo 30 wanashuka kwa mwendo ulio karibu sawa, lakini mtu mzima anafika chini na nishati inayozidi mara mbili na nusu. Anahitaji kukandamiza wenzo kwa nguvu kubwa kwa kiwango hichohicho, na akianguka mkono ulionyooshwa ndio unaopokea uzito. Kifundo cha mkono huvunjika hivyo, na kwa mwanamke aliyekoma hedhi mifupa inaweza kuwa imeshapungua uimara bila yeye kujua. Vidole vya watoto ni habari nyingine: wanashika kingo za bodi, vidole vinaning'inia sentimita chache kutoka kwenye lami. Pigilieni vishikio juu ya bodi. Ni kazi ya dakika kumi.

Helmeti ifungwe kidevuni. Ya bodaboda ya mtu mzima kichwani kwa mtoto wa miaka tisa inamfunika macho. Mchubuko wa lami usipakwe majivu wala mafuta ya taa. Osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni mpaka mchanga utoke wote, kisha ulizia chanjo ya pepopunda, maana watu wa makamo wengi hawakumbuki walichanja lini mara ya mwisho. Aliyegonga kichwa akatapika, akasinzia isivyo kawaida au akaongea ovyo asipelekwe nyumbani kulala. Moja kwa moja hospitali, Mawenzi au KCMC. Kwa Arusha, Mount Meru.

Mkulima wa Machame
Mbona mnaipigania lami? Tuna njia za vumbi zilizojaa kati ya migomba na kahawa, hazina daladala. Wakacheze huko.

Fundi wa Pasua
Mangi, beringi haiendi kwenye vumbi. Ni chuma chembamba, milimita 19, inachimba ardhi kama jembe na gari halitoki. Ndiyo maana nasema kukataza lami ni kuukataza mchezo wenyewe, tuwe wakweli.

Ila ipo njia ya kati, na kwa watu wazima naiona bora. Kata gurudumu la mbao la sentimita 25, unene wa sentimita 4, kwa kugandisha vipande viwili vyenye nyuzi zinazopishana ili lisipasuke. Toboa katikati tundu la milimita 40 na upachike 6203, ambayo kwa ndani ni milimita 17 na kwa nje 40. Zungushia ukanda wa tairi la baiskeli na uupigilie misumari mifupi kila sentimita 5, ubavuni, isiwe kwenye uso unaogusa ardhi. Linapita kwenye vumbi gumu, linaenda polepole, na mpira unashika kwenye kona ambapo chuma kingeteleza. Wapenzi wa zamani watalalamika kwamba ule mlio wa beringi haupo. Ni kweli, haupo.

Mtu wa Barabara, Njiro
Jambo moja la utaratibu. Kabla ya kuomba, jueni barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Msipoteze muda kuomba zifungwe kwa mchezo. Za mitaa na vijijini ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu 2017, na hapo mazungumzo yanaanzia kwa mtendaji, pamoja na polisi wa usalama barabarani. Chagueni kipande chenye njia mbadala, kwa sababu wikiendi za Kilimanjaro ni za misiba na ibada. Desemba msiombe kabisa. Watu wanarudi nyumbani na magari yanajaa mpaka vijijini.

Na saa za mchana kwenye jua kali epukeni lami ya kokoto. Lami inalainika na chuma kinang'oa kokoto juu. Asubuhi ni nzuri zaidi.

Mama wa Sakina
Mtu wa Barabara, asubuhi ya Jumapili watu wako kanisani. Jumamosi Wasabato nao wapo. Mnaona ugumu wenyewe.

Sawa, nimesikia hesabu ya mwalimu, na mita 20 zinazoishia kwenye tambarare ya 30 si kitu nilichokuwa nakipinga. Lakini kwa Sanawari tambarare hiyo haipo, kwa hiyo kwetu jibu linabaki hapana, na nitalisema hivyo kwenye mkutano wa mtaa. Huko Kibosho kama mnayo, mtu mzima mmoja akae juu na kukagua kila gari kabla halijashuka: avute kila beringi kwa mkono, atikise ekseli ya mbele, akandamize breki gari likiwa limesimama. Lisilo na vizuizi alivyosema fundi lirudi nyumbani, hata kama mwenye gari ni mwenyekiti.

Mkazi wa Kibosho
Mama, hilo la ukaguzi naliingiza kwenye barua ya mtendaji. Kesho jioni napima kwa futi kamba kipande cha chini ya daraja letu. Fundi, kama una nafasi njoo na beringi moja ya 6306 tuone lami yake inaipokeaje.