Nikikaribia Kitonga moyo unaenda mbio, vipimo vyote safi. Nifanyeje wakuu?

Njiapanda22: Mimi dereva wa semi, Dar–Tunduma. Nikianza kuupanda mlima Kitonga moyo unadunda, mikono inakufa ganzi, pumzi inakata, naona kabisa nakufa. Nimepima moyo, sukari, presha: safi. Siku hizi nikifika Morogoro tu naanza kutetemeka. Niache kazi?

Kisiki cha Mpingo: Usiache, mkuu. Mie niliacha semi nikaingia kwenye matikiti, mvua ikanifilisi.

MamaKulwa: Hapo kuna mkono wa mtu. Nani kazini alikuwa anaitaka hiyo gari? Funga, omba.

Sista_Zamu: Pole kaka. Inaelekea ni mishtuko ya hofu. Mwili unapiga kengele ya hatari na hatari haipo: adrenalini inamwagika, unahema harakaharaka, na kuhema huko ndiko kunakoleta ganzi. Mara nyingi hufika kilele ndani ya dakika 10, kisha hushuka. Walikupima tezi ya shingo? Unatumia dawa gani?

Njiapanda22: Tezi hapana. Dawa situmii.

Sista_Zamu: Hata ya usingizi?

Njiapanda22: Kuna Valium, napewa na jamaa wa duka la dawa. Miezi sasa. Nilianza na kimoja usiku, sasa viwili, na kingine kabla ya Kitonga. Ila nimeshaamua: leo natupa zote, Jumatatu nasafiri. Mimi si teja.

Sista_Zamu: Usizitupe! Ukikatisha ghafla baada ya miezi, hofu inarudi na nguvu, na unaweza kupata degedege ukiwa kwenye usukani. Hupunguzwa polepole, chini ya daktari. Na ukizimeza usiendeshe. Nenda kitengo cha afya ya akili, Muhimbili kipo. Tiba ni mazungumzo, unazoezwa kukutana na unachokiogopa hatua kwa hatua. Wengine hupewa dawa kama setralini, inayochukua wiki kadhaa kufanya kazi.

Mpekuzi_Tz: Chai hii! Mwezi uliopita si wewe uliyeuliza habari za kufundisha tuisheni Kibaha?

Njiapanda22: Yule mke wangu, simu tunatumia moja. Sista, bosi hatajua?

Sista_Zamu: Daktari hana ruhusa ya kumwambia bila ridhaa yako.

Kisiki cha Mpingo: Iwe chai isiwe chai, mimi hayo hunikuta kwenye lifti. Lazima nimeze dawa?

Sista_Zamu: Si lazima. Wapo wengi wanaopona kwa mazungumzo peke yake.

Njiapanda22: Safari ya Jumatatu nimempa mwenzangu. Ya wiki inayofuata siahidi.